Ekari Hamsini za Richard Johnson

Mstari wa kwanza wa ukoo huu ni mfupi kuliko anwani ya bahasha. Katika orodha ya wakazi wa koloni la Virginia iliyoandikwa mwanzoni mwa mwaka 1625, kwenye shamba la tumbaku la mfanyabiashara aitwaye Edward Bennett, karani aliandika kwamba yupo Antonio, Mweusi, aliyekuja kwa meli James mwaka 1621. Katika orodha hiyo hiyo yupo Mary, mwanamke Mweusi, aliyekuja kwa meli Margaret and John mwaka 1622. Basi. Jina la baba halikuandikwa, wala umri, wala nchi waliyotoka. Waafrika walioorodheshwa katika koloni zima walikuwa 23, na baadhi yao hata jina hawakupewa. Waliandikwa kwa hesabu tu, kama magunia.

Kwa miaka 27 nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo mkoani Tanga, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa mirathi. Nimepokea mihtasari ya vikao vya ukoo iliyoandikwa kwenye karatasi za daftari la shule, nimebandika matangazo ukutani, nimesikia watu wakiapa kwamba marehemu aliacha watoto watano huku wa sita akiwa amekaa benchi la nyuma. Mtu akifanya kazi hiyo kwa muda mrefu, anajua kwamba karatasi ya mahakama haisemi ukoo ulivyo. Inasema ukoo ulivyojieleza siku ile, mbele ya mtu mwenye mamlaka, kwa sababu kulikuwa na kitu cha kugombewa.

Baada ya kustaafu nilikwenda kukaa miezi kadhaa kwa binti yangu mjini Salisbury, jimbo la Maryland, pale mto Wicomico unapopita katikati ya mji. Yeye alikuwa kazini kutwa. Mimi nikapata kazi yangu: kusoma nyaraka za ukoo mmoja ulioishi kando ya mto huo zaidi ya miaka 350 iliyopita. Sina nasaba nao. Inaelekea walitoka pwani ya magharibi ya bara letu, mimi natoka ya mashariki. Nilichokuwa nacho ni macho ya karani, na nilitaka kujua makarani wenzangu wa zamani waliwafanyia nini.

*

Kwanza ni lazima niseme kwa nini ukoo huu unasomeka. Virginia ilipoteza nyaraka nyingi kwa moto. Mwaka 1787 mtu mmoja alichoma ofisi ya karani ya kaunti ya New Kent, akanyongwa kwa kosa hilo. Aprili 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vinaisha, mji wa Richmond uliungua, na madaftari ya kaunti kadhaa yaliyokuwa yamepelekwa huko ili yawe salama yakateketea. Watafuta nasaba wa Marekani wana jina la pamoja kwa maeneo hayo: kaunti zilizoungua. Mtu ambaye mababu zake waliishi huko anaweza kumfuatilia babu hadi mlango wa mahakama, kisha akakuta majivu.

Lakini ng'ambo ya Ghuba ya Chesapeake, kwenye rasi nyembamba wanayoiita Pwani ya Mashariki, madaftari yalinusurika. Kaunti ya Northampton, ambayo mwanzoni iliitwa Accomack, ina mfululizo wa kumbukumbu za mahakama kuanzia mwaka 1632, mfululizo mrefu kuliko mwingine wowote wa kaunti katika yaliyokuwa makoloni ya Waingereza Marekani. Yamo madeni ya tumbaku, kesi za matusi, alama za masikio ya ng'ombe, wasia na orodha za mali za marehemu. Na humo, kati ya Waingereza, wamo watu ambao karani aliwaandikia jina kisha akaongeza neno Mweusi.

Mmoja wao ni Anthony Johnson.

Je, ndiye yule Antonio wa 1625? Hapana hati hata moja inayosema kwamba Antonio alibadilika akawa Anthony Johnson. Wanahistoria wamewaunganisha kwa njia ambayo hakimu yeyote wa mirathi angeitambua: kwa ushahidi wa mazingira. Antonio wa kwanza alikuwa shamba moja na Mary. Anthony Johnson mke wake ni Mary. Kisha ipo amri ya mahakama ya Northampton ya tarehe 28 Februari, baada ya moto kuunguza mali ya akina Johnson. Mahakama inasema kwamba watu hawa wamekaa Virginia zaidi ya miaka thelathini na wanajulikana kwa bidii yao ya kazi. Kwa sababu ya hasara waliyopata, Mary na binti zake wawili wanasamehewa kodi maisha yao yote.

Hapo msomaji anapaswa kuwa mwangalifu na kalenda. Kwenye daftari mwaka umeandikwa 1652. Lakini kwa Waingereza wa wakati ule mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi, na hali ilibaki hivyo hadi 1752. Februari ya 1652 kwao ni Februari ya 1653 kwetu. Ndiyo maana watafuta nasaba huandika 1652/53. Toa miaka thelathini na kidogo kutoka 1653, unafika 1621 na 1622: miaka ya meli mbili za mwanzo. Hesabu inakaa sawa. Mimi nimeona mirathi ikitolewa kwa ushahidi mwembamba kuliko huo.

Amri hiyo ina jambo jingine ambalo lisingeonekana bila kujua sheria ya kodi. Mwaka 1643 baraza la kutunga sheria la Virginia liliamua kwamba wanawake wa Kiafrika walipiwe kodi ya kichwa sawa na wanaume, kwa kuwa walihesabiwa kuwa nguvu kazi ya shambani. Wanawake wa Kiingereza hawakulipiwa. Tofauti hiyo ya rangi iliingia sheriani mapema, na iliingia kupitia mfuko wa pesa. Mahakama ilipomsamehe Mary na binti zake, iliwaweka kwa kodi mahali walipokaa majirani zao Wazungu. Watu wale wa Northampton waliwajua. Walikaa nao kanisani na mnadani. Mwaka 1653 ilikuwa bado inawezekana kuwaona kwanza kama majirani walioungua nyumba.

Binti hao wawili, katika amri ile, hawana majina.

*

Ardhi ilikuja kwa hesabu. Utaratibu wa koloni ulikuwa huu: aliyelipa nauli ya mtu kuja Virginia alistahili ekari 50 kwa kila kichwa. Julai 1651 Anthony Johnson alipewa ekari 250 kando ya kijito cha Pungoteague kwa vichwa vitano, na mmoja wa hao watano ni Richard Johnson, jina la mwanawe. Mwaka 1652 mwana mwingine, John, akapata ekari 550 kwa vichwa kumi na moja. Mwaka 1654 Richard naye akapata ekari 100 kwa vichwa viwili. Jumla ni ekari 900, zote zikiwa jirani.

Haki hizo za vichwa ziliuzwa na kununuliwa kama hati nyingine yoyote, kwa hiyo vichwa kumi na moja havina maana kwamba John Johnson alisimama gatini akapokea watu kumi na moja. Lakini ekari zilikuwa za kweli. Mtu aliyeingia nchini kama mali ya shamba, aliyekuwa Bennett wakati Wapowhatan waliposhambulia koloni tarehe 22 Machi 1622 wakaua watu 347, na zaidi ya hamsini kati yao wakiwa wa shamba lile lile, huyo baada ya miaka thelathini ana ardhi yenye mipaka, ng'ombe, watoto wenye mashamba yao, na jina la ukoo.

Jina lenyewe lina historia yake. Antonio ni jina la ubatizo wa Kireno. Waafrika wengi walioletwa Virginia miaka ile ya mwanzo walitekwa Angola, ambako gavana wa Kireno Luís Mendes de Vasconcelos alikuwa anapigana na ufalme wa Ndongo tangu 1618. Mateka waliuzwa Luanda, wakapakiwa kwenye meli za kwenda Amerika ya Kihispania, na baadhi yao wakaporwa baharini na manowari za Waingereza. Hao ndio waliofika Point Comfort Agosti 1619, watu ishirini na ushei. Antonio alifika miaka miwili baadaye. Kwa Kiingereza Antonio ni Anthony. Johnson ni jina ambalo Waingereza kwa maelfu walikuwa nalo. Nitarudi kwenye jina hilo, kwa sababu ndilo lililoufunga ukoo huu mlango.

*

Sasa nije kwenye kesi ambayo watu wengi huitaja wakisikia jina la Anthony Johnson, na wengine huitaja kwa furaha isiyo nzuri.

Akina Johnson walikuwa na mtumishi Mweusi aitwaye John Casor. Casor alimweleza Kapteni Samuel Goldsmith, aliyefika shambani, kwamba alikuja Virginia kwa mkataba wa miaka saba au minane, na kwamba Johnson amemshikilia miaka saba zaidi ya mkataba. Johnson akajibu kwamba hajawahi kuuona mkataba wowote. Huyu mtu ni wake maisha yote. Majirani wawili, Robert Parker na George Parker, wakasema mkataba upo, lakini uko mikononi mwa mtu aliye ng'ambo ya Ghuba.

Nilipofika hapo nilifunga daftari langu kwa muda. Nimewaona watu wa aina ya Casor. Wanasimama mbele ya meza ya karani na kusema: hati ipo, mheshimiwa, iko kwa mjomba, iko kijijini, iko kwenye sanduku. Uhuru wa mtu mzima ulikuwa karatasi moja, na karatasi hiyo ilikuwa upande wa pili wa maji.

Familia ya Johnson ilimsihi mzee amwachie. Mke wake, wana wawe wawili na mkwewe walimshawishi, na walimwonya kwamba Casor anaweza kumdai sehemu kubwa ya ng'ombe wake. Johnson akakubali. Casor akaenda kufanya kazi kwa Robert Parker. Kisha Johnson akabadili nia, akashtaki. Tarehe 8 Machi 1655 mahakama ya Northampton iliamua kwamba Parker alimzuia Casor isivyo halali, Casor arudi kwa bwana wake, na Parker alipe gharama. Casor hakupata siku nyingine mahakamani. Familia ilipohamia Maryland miaka kumi baadaye, naye alikwenda nao.

Wapo wanaoitumia hukumu hii kusema kwamba mwanzilishi wa utumwa Marekani alikuwa Mwafrika, na hivyo hesabu imefungwa. Madaftari hayasemi hivyo. Tarehe 9 Julai 1640, miaka 15 kabla, Baraza la Gavana wa Virginia lilikuwa limewahukumu watumishi watatu waliotoroka kwenda Maryland. Wote walichapwa viboko thelathini. Mholanzi Victor na Mskoti James Gregory waliongezewa miaka minne ya utumishi. Wa tatu, Mweusi John Punch, alihukumiwa kumtumikia bwana wake maisha yake yote. Kosa lilikuwa moja, adhabu zikawa mbili. Watu walikuwa wameshaanza kushikiliwa maisha, na hakuna mtu mmoja aliyelianzisha jambo hilo kwa kesi moja.

Lakini sitaki pia kumsafisha mzee Johnson. Alijua Casor anadai nini, na familia yake mwenyewe ilimwambia amwachie. Alishinda kwa sababu aliijua mahakama na alijua kwamba asiye na karatasi hana neno. Maarifa hayo yalimpa ushindi mwaka 1655, na hayakuisaidia familia yake mwaka 1670.

*

Mwaka 1665 Anthony na Mary waliondoka Virginia. Waliuza ekari 200 kati ya zile 250, na ekari 50 zilizobaki Anthony akampa Richard. Wengine wa familia wakapanda kaskazini hadi Maryland, kwenye eneo ambalo mwaka 1666 lilifanywa kaunti ya Somerset. Huko Anthony hakununua ardhi. Alipanga ekari 300 kwa miaka 99, na shamba likaitwa Tonies Vineyard, yaani shamba la mizabibu la Tony. Msomaji wa Tanzania mwenye hati ya kiwanja hahitaji kuelezwa miaka 99 ni nini. Ni ardhi isiyo yako ambayo hata mjukuu wako hataona mwisho wa mkataba wake.

Anthony alifariki kabla ya kiangazi cha 1670 kwisha. Mary akashika mambo. Alifunga upya mkataba wa shamba kwa miaka mingine 99, na haki iende kwa wanawe baada yake. Na mwaka 1672 aliandikisha hati ya kuwapa wajukuu zake watatu, Anthony, Francis na Richard, ng'ombe mmoja kila mmoja.

Baadhi ya vitabu huiita hati hiyo wasia. Kwa msamiati wa mahakama zetu ningeiita hiba, kwa maana ni mali inayotolewa na mwenyewe akiwa hai, inayokabidhiwa kwa jina. Tofauti si ndogo. Wasia husubiri kifo, na baada ya kifo huja maswali: je, marehemu alikuwa na haki ya kumiliki, je, warithi hawa ni halali? Hiba hukwepa maswali hayo kwa kuwa mtoaji yupo na anaweza kujibu. Katika kazi yangu nimewaona wazee wa ukoo wakifanya hivyo kimyakimya: wanagawa mapema kwa sababu wanajua kitakachotokea wakishazikwa.

Na Mary alikuwa na sababu ya kujua. Agosti 1670, Virginia, jopo la wanaume Wazungu walioapishwa lilikaa kuchunguza ardhi aliyoiacha marehemu Anthony Johnson. Kwa sheria ya Kiingereza ardhi ya mtu ambaye hakuweza kumrithisha mwingine ilirudi kwa Mfalme, na mgeni asiye raia wa Mfalme hakuweza kurithisha ardhi. Jopo likaandika kwamba Johnson alikuwa Mweusi, na kwa sababu hiyo mgeni. Hiyo ndiyo hoja nzima, sentensi moja isiyo na mashahidi. Miaka 49 tangu meli ya James, ardhi yenye hati ya koloni lenyewe, amri ya mahakama iliyomsifu kwa miaka thelathini ya kazi, vyote havikuwa na uzito mbele ya neno ambalo makarani walikuwa wameliambatanisha na jina lake tangu siku ya kwanza.

Zile ekari 50 za Richard ziliishia mikononi mwa jirani tajiri, George Parker, mmoja wa wale waliosema habari za mkataba wa Casor ng'ambo ya Ghuba. Richard alikuwa mtu huru. Alikuwa amekaa kwenye ardhi ile na mke na watoto kwa miaka mitano. Hakuwa mgeni kwa mtu yeyote pale. Alizaliwa Virginia na alipewa ardhi ile na baba aliyekuwa hai, mwenye akili timamu.

Hapo ndipo ninapoona dau la karatasi hizi zote. Neno Mweusi liliingia daftarini kama maelezo, ili kumtofautisha Anthony huyu na Anthony yule. Likakaa hapo miaka 45 bila kumzuia kununua, kushtaki, kushinda wala kuhama. Kisha, alipokwisha kufa na hakuweza kusimama kujibu, likageuzwa kutoka maelezo kuwa hukumu. Sisi makarani huwa tunaamini kwamba tunaandika tu.

*

Sheria zilizouzunguka ukoo huu zilikuwa zinafungwa mlango mmoja baada ya mwingine. Desemba 1662 Virginia iliamua kwamba mtoto atafuata hali ya mama, awe huru au mtumwa. Kwa mtafuta nasaba sheria hiyo ni ukuta: ikiwa hali ya mtoto haitegemei baba, karani hana haja ya kuandika jina la baba, na kweli hakuliandika. Mwaka 1667 ikaamuliwa kwamba ubatizo haumfanyi mtu kuwa huru. Oktoba 1670, miezi miwili baada ya jopo kuamua habari za Anthony, Weusi huru walikatazwa kununua watumishi Wakristo. Mwaka 1691 ndoa kati ya Wazungu na Weusi ilipigwa marufuku, na aliyemwachia huru mtumwa wake alitakiwa kulipa gharama za kumtoa nje ya koloni ndani ya miezi sita.

Ukiweka wasia za majirani kando ya hati ya Mary, unaiona hali hiyo bila kusoma sheria hata moja. Mary anawapa wajukuu ng'ombe, na wajukuu wana majina, na ng'ombe wanahesabiwa. Katika wasia za matajiri wa miaka iliyofuata, watu wanagawiwa pamoja na ng'ombe. Mke anaachiwa kitanda, farasi, na mwanamke Mweusi pamoja na watakaozaliwa naye. Waafrika wengi zaidi wanaingia kwenye karatasi kuliko zamani, lakini hawaingii tena kama wapokeaji. Wamehamia upande wa pili wa sentensi.

Haikuwa hivyo kwa wote. Francis Payne, Mweusi huru wa Northampton, aliandika wasia mwaka 1673 na mrithi wake mkuu alikuwa mkewe Amy. Emmanuel Driggus, wa kaunti hiyo hiyo, aliacha kizazi ambacho bado kinafuatilika. Jina lake ni Rodrigues ya Kireno iliyopita kwenye masikio ya karani wa Kiingereza. Baadaye ikawa Driggers, na wapo Wamarekani wanaolibeba hadi leo. Kwa sababu jina ni la nadra, ukilikuta Carolina Kaskazini au Kusini katika karne ya 18 una pa kuanzia. Kosa la tahajia la karani limewasaidia wajukuu kuliko hati nyingi zilizoandikwa vizuri.

Johnson halikusaidia mtu. Mwanzoni lilikuwa jina la heshima, jina la jirani. Lakini likishaachwa bila lile neno la pembeni, halitofautiki na akina Johnson wengine wa rasi nzima. Kadiri muda ulivyokwenda, mtu wa ukoo huu alikuwa na njia mbili za kupotea kwenye daftari: aandikwe bila neno Mweusi, akaungana na Wazungu, au abanwe na umaskini na sheria hadi asiwe na ardhi, wasia, wala kesi ya kuandikwa. Kufikia mwaka 1730 hawaonekani tena. Hilo halimaanishi kwamba walikufa wote. Linamaanisha kwamba hakuna tena kitu chao ambacho mahakama ilikuwa na haja ya kukiandika.

*

Imebaki hati moja. Mwaka 1677 John Johnson mdogo, mtoto wa John na mjukuu wa Anthony na Mary, alinunua shamba la ekari 44 katika kaunti ya Somerset. Ni shamba dogo, si hata robo ya lile la babu yake. Ilikuwa desturi ya Maryland kuyapa mashamba majina, na jina huandikwa kwenye hati na kubaki hata shamba likiuzwa. Wenyeji wengi walitumia majina ya miji ya Uingereza waliyotoka wazazi wao. John akaliita Angola.

Alifariki bila mrithi, na shamba likatoka kwenye ukoo.

Nimelifikiria jina hilo kuliko hati nyingine zote. Mjukuu huyo alizaliwa upande huu wa bahari, akazungumza Kiingereza, akasimama mahakamani kama mtu wa Somerset. Angola hakuwahi kuiona. Ili aijue, ilibidi mtu amwambie, na waliokuwa na uwezo wa kumwambia walikuwa wazee wake. Jioni fulani, kwenye shamba la Pungoteague au la Wicomico, jambo lilisimuliwa ambalo halikuandikwa kwenye orodha ya 1625, wala kwenye amri ya kodi, wala kwenye uamuzi wa 1670 uliosema mzee alikuwa mgeni bila kujishughulisha kusema mgeni wa wapi. Makarani wa koloni wapata nusu karne hawakuuliza ukoo huu ulitoka wapi. Mjukuu alilijibu swali hilo bila kuulizwa, akalilipia ada, na karani akalazimika kuliandika.